Mkono Ndani ya Pipa

Jumatatu, 12 Machi 1973

Nimepata kazi, na si ya kushika chaki. Shule yetu ya Njoro ilileta mwalimu mwenye cheti mwezi wa kwanza, nami ambaye sina cheti nikaambiwa asante na kwaheri. Leo Bwana Naftaly, meneja wa Kampuni hapa Nakuru, alinipa gazeti nisome kwa sauti. Nikasoma habari ya ngano. Sikufika chini ya ukurasa, akainua mkono.

"Wariara, sauti yako mtu huiamini hata kabla hajaelewa."

Kampuni inauza dawa ya kuua wadudu wa viazi na mahindi, jina lake Lindashamba. Ina filamu ya kuitangaza vijijini, lakini filamu inasema Kiingereza, na wakulima wengi wa huku hawakisikii. Kazi yangu ni kukaa kando ya kitambaa cheupe na maikrofoni, sauti ya Mzungu ikipunguzwa mimi niseme Kiswahili. Mama amefurahi hadi akachinja kuku.

Alhamisi, 15 Machi

Onyesho langu la kwanza, Bahati, katika ghala la ushirika. Tunaonyesha mchana, kwa hiyo madirisha yanazibwa kwa magunia.

Tuko watatu kwenye Landrova. Bwana Balwant ndiye dereva na ndiye mwenye projekta. Ni Singasinga wa miaka hamsini hivi, baba yake alifungua studio ya picha mjini zamani za reli. Haongei. Nilimwamkia mara mbili kabla ya kujibiwa. Wa tatu ni Gachanja, na huyo anaongea kwa niaba ya sisi wote.

Gachanja ndiye nyota wa filamu. Nusu ya kwanza ilipigwa Ulaya: wadudu wamekuzwa wakawa wakubwa kama mbuzi, watoto wanapiga kelele. Nusu ya pili ilipigwa hapahapa Bahati mwaka jana. Anatokea Gachanja kwenye shamba lake la viazi, kifua kama mlango, anamimina dawa katika pipa la maji, maji yanageuka meupe kama maziwa. Anakunja shati, anatumbukiza mkono hadi kiwikoni, anakoroga, anacheka. Hapo nasema: "Lindashamba inaua mdudu. Haimdhuru binadamu."

Kisha magunia yanashushwa, mwanga unaingia, na kumbe Gachanja mwenyewe amesimama mbele na pipa la kweli. Anatumbukiza mkono tena. Watu wakashangilia kama mtu ametoka kaburini. Dawa inanuka kama kitunguu saumu kilichooza.

"Umesema vizuri, mwalimu," aliniambia tukipakia vyombo. Jenereta aliibeba peke yake.

Jumatatu, 19 Machi

Subukia. Watu wengi. Mvua bado.

Alhamisi, 29 Machi

Kuresoi. Mvua imefika kabla yetu, Landrova ikazama matopeni mara mbili na Gachanja akaisukuma huku akiimba nyimbo za kanisani. Watu wanapanda viazi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kama dawa inakaa kwenye nguo. Nikamjibu kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yangu: ukifua, imetoka. Aliridhika. Walinunua makopo yote tuliyobeba.

Jumanne, 3 Aprili

Elburgon. Vijana walimfuata Gachanja sokoni wakimwita "Pipa! Pipa!" Alinunuliwa chai katika hoteli tatu. Anaipenda sifa, nami sioni ubaya. Mtu aliyekuwa akichunga ng'ombe wa Mzungu tangu utotoni, leo picha yake inajaza ukuta.

Jumatano, 11 Aprili

Mvua kutwa. Mau Narok haikuendeka.

Ijumaa, 13 Aprili

Molo. Baridi ya kuuma mifupa, sisi wote tumevaa makoti, na Gachanja anatokwa na jasho. Anatema mate kila mara, anasema mdomo umejaa maji. Alinipa barua ya mtoto wake nimsomee kwa sababu herufi zinacheza. Nilidhani anaona haya kusema hajui kusoma, lakini nakumbuka wiki ya kwanza alinisomea mabango yote ya njiani.

Jumanne, 24 Aprili

Pasaka imepita. Tulipumzika siku nne. Gachanja amerudi mzima kabisa, anatania, amembebea Bwana Balwant ndizi. "Kalasinga, kula, ndevu zipate nguvu." Bwana Balwant alikaribia kucheka.

Alhamisi, 26 Aprili

Maonyesho matatu kwa siku tatu. Kichwa kinamuuma tena Gachanja.

Jumatano, 2 Mei

Leo nimemkosea mtu.

Tulikuwa Njoro, tunakunywa chai kabla ya onyesho. Kikombe cha Gachanja kilitetemeka hadi chai ikamwagikia suruali. Bwana Naftaly, ambaye alikuwa amekuja kutukagua, alinivuta kando. "Ongea naye. Wewe ni mwalimu, anakuheshimu. Pombe itammaliza." Nikaamini. Mikono inatetemeka, macho mekundu, maneno mazito: mlevi gani asiyefanana hivyo? Nikamwendea Gachanja nyuma ya gari nikamwambia afikirie watoto wake.

Alikung'uta chai kwenye suruali. "Mwalimu, mimi tangu nibatizwe sijaonja hata ya harusi yangu."

Sikujua niweke wapi uso. Akanipiga begani kwa upole, akaenda kusimama kando ya pipa.

Jumatatu, 7 Mei

Nimeanza kuhesabu. Jumatatu ni mzima. Jumatano anatema mate. Ijumaa hawezi kufunga vifungo vya shati. Jumamosi na Jumapili yuko kwake na Wawira mkewe, na Jumatatu ni mzima tena, ingawa kila Jumatatu uzima wenyewe unapungua kidogo.

Alhamisi, 10 Mei

Leo nilienda ofisini kwa Bwana Naftaly nikamwomba tutumie maji na maziwa kwenye pipa la maonyesho. Nani atajua?

"Wakulima wana pua," akajibu. Hakuwa mkali. Aliniagizia soda. "Wasiposikia ile harufu watasema ni mazingaombwe."

"Basi Gachanja avae glavu."

"Nikimvalisha glavu, nitakuwa nimewaambia watu nini?"

Nilirudi na jibu hilo hadi Njoro, nikilirudia kwenye basi. Nitakuwa nimewaambia watu nini. Kwa hiyo anajua kuna cha kuambiwa.

Jumatano, 16 Mei

Bahati tena. Nilisema: haimdhuru binadamu. Mdomo umezoea, unasema wenyewe.

Jumatatu, 21 Mei

Kiswahili chetu kinatusaidia kudanganyana. Ya kikohozi ni dawa, ya kuogesha ng'ombe ni dawa, ya panya ni dawa. Mtu akisikia dawa anawaza kupona. Karatasi yangu haina neno sumu hata mahali pamoja. Nimeisoma yote leo, mbele na nyuma.

Jumamosi, 26 Mei

Bwana Balwant aliniambia jana, akitazama barabara: "Kesho kuja studio. Saa nane. Iko kitu." Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilidhani nimeharibu maikrofoni.

Studio yao iko nyuma ya duka la vitambaa. Alifunga mlango wa chumba cha ndani, akatoa kopo la filamu lisilo na jina, akavika projekta kipande kifupi, akaiwasha ukutani, juu ya picha za maharusi.

Ilikuwa filamu yetu. Shamba lilelile la Ulaya, mkulima yuleyule anayesimama mbele ya wadudu. Lakini hapa amevaa glavu hadi kwapani, viatu vya mpira, miwani, na kitu kimefunika pua na mdomo. Kwenye kopo kuna fuvu la kichwa. Na sauti ya Mzungu, ile ambayo huwa tunaipunguza, inasema waziwazi: usiache dawa iguse ngozi, inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini, usile wala kuvuta sigara kabla ya kuoga, usimwage mtoni, samaki watakufa. Halafu samaki wenyewe, wamejaa kingoni, matumbo juu. Mkulima anavua glavu kwa kuzishika kwa kijiti.

Dakika tatu. Ikaisha, ukuta ukawa mweupe.

"Hii imetoka wapi?"

"Katikati. Kabla ya Gachanja."

"Nani aliikata?"

Alikuwa akifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi. Naftaly alisema watu wataogopa, hapana nunua. Mimi nikakata. Makasi yangu, gundi yangu. Hapa, meza hii."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Mtu ya picha hapana tupa picha."

Nilikuwa nimemchukulia kuwa mtu mwenye kiburi, huyu mzee asiyeongea. Leo nimeelewa kwamba amebeba hiki kitu tangu mwaka jana na hakuwa na wa kumwambia. Nilitamani kumtukana pia. Kisha nikakumbuka ni nani anayeshika maikrofoni.

Jumatatu, 28 Mei

Nimemwambia Gachanja. Nilimwambia yote, glavu, fuvu, samaki. Alisikiliza akichora ardhi kwa kijiti.

"Nilijua," akasema. "Sio ya glavu. Lakini mwili ni wangu, nilijua tangu Aprili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nchi nzima imeniona nikicheka ndani ya ile pipa. Nikisema ni mbaya, nitakuwa nimewadanganya watu wangapi?" Akatupa kijiti. "Wiki ijayo tuko Molo. Nimeahidi Naftaly Molo. Nimalize Molo, halafu nirudi kwa viazi zangu."

Nilipaswa kukataa. Nilisema sawa.

Ijumaa, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Hatukufanya kazi. Nilimtumia Wawira ujumbe kwa jirani kwamba amzuie mume wake asiende Molo. Sijui kama ulifika.

Ijumaa, 8 Juni

Naandika ya jana, na nitaiandika yote.

Molo ilikuwa imejaa. Watu walisimama hadi nje mvuani. Gachanja alikuwa mzima kiasi, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe. Nikasema maneno yangu. Ilipofika pale pa "haimdhuru binadamu" nilikohoa, kisha nikayasema. Nayaandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: niliyajua na niliyasema.

Magunia yakashuka. Gachanja akakunja shati. Siku mbili kabla mtu wa stoo alikuwa ametukabidhi makopo mapya, yenye dawa kali zaidi, na nadhani hakuna aliyepima. Akatumbukiza mkono, akakoroga, akacheka kama kawaida. Watu wakapiga makofi. Akaufuta mkono kwa suruali, akaanza kujibu maswali.

Baada ya muda mfupi nikaona anashika ukingo wa pipa. Alikuwa anajibu swali la mzee mmoja kuhusu vidukari, neno likakatika katikati. Mate yakaanza kumtoka, mengi, kama ya ng'ombe mgonjwa. Akaketi chini taratibu kama mtu anayetafuta kiti. Misuli ya uso ilikuwa inacheza yenyewe chini ya ngozi.

Watu walicheka mwanzo. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Bwana Balwant ndiye aliyefika kwanza. Alimrarua lile shati jeupe, akamwagia mkono maji ya ndoo ya chai, akapiga kelele aletewe sabuni. Mzee yule asiyeongea alikuwa akipiga kelele kwa lugha tatu. Wanaume wanne wakambeba hadi Landrova. Nilikaa nyuma nikimshika kichwa. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila gari lilipoteleza nilisikia pumzi yake ikigota kooni, kisha ikirudi.

Zahanati tuliyoikuta kwanza ilitupa blanketi na kutuambia twende Nakuru. Kilomita zote zile. Nilimwita jina bila kunyamaza, nikijua nikinyamaza nitasikia kama bado anapumua.

Hospitalini daktari kijana aliuliza amekunywa nini. Bwana Naftaly, aliyekuwa amekuja Molo kutazama onyesho, alikuwa ametupita njiani kwa gari lake, na alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na koti lake safi. "Huyu ana tatizo la pombe, daktari. Tumemwonya mara nyingi."

Nikafungua kinywa, na sauti yangu hii inayoaminika haikutoka.

Bwana Balwant alipita katikati yetu akaweka kopo la Lindashamba juu ya meza ya daktari, likiwa na matope. Akageuza upande wa nyuma, chini kabisa, penye herufi za Kiingereza ndogo kama chawa. Daktari alisoma akiwa ameinama. Kisha akamfungua Gachanja jicho kwa kidole gumba. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Amegusa hii?"

"Tangu mwaka jana," nikasema. Hapo sauti ikatoka. "Kila wiki. Mkono mzima."

Walimchoma sindano, wakasubiri, wakamchoma tena. Mara ya tatu mate yakaanza kukauka. Yu hai. Wawira alifika jioni kwa miguu kutoka stendi. Alinipita bila kunitazama.

Jumatano, 13 Juni

Yu hai. Hawezi kusimama.

Jumatatu, 18 Juni

Bwana Naftaly ameleta mtu mwingine wa pipa. Anaitwa Ngigi, wa Kuresoi, miaka thelathini. Mkewe amejifungua juzi. Anafurahi, ananiita madam, ameuliza kama atatiwa kwenye filamu. Onyesho lake la kwanza litakuwa kwao, tarehe tano mwezi ujao, mbele ya chifu na wanachama wote wa ushirika. Hadi hapo Landrova iko gereji, ile safari ya Nakuru ilivunja springi.

Nilimwambia Ngigi kilichompata Gachanja. Akasema, "Bwana meneja ameshanieleza. Mimi sinywi, madam."

Jumamosi, 30 Juni

Tulikutana studio, Bwana Balwant na mimi. Ameiunganisha. Alinionyesha mahali alipopitisha gundi, mstari mwembamba kama unywele. Dakika tatu zimerudi mahali pake.

"Naftaly akifukuza sisi, mimi iko na studio," akasema. "Wewe iko na nini?"

"Mama ana viazi."

Akaitikia kwa kichwa, akaifunga filamu kwenye kopo lake.

Alhamisi, 5 Julai

Kuresoi. Mvua ilikatika asubuhi, jua kali, matope yanatoa mvuke. Ghala lilijaa. Chifu kwenye kiti, Bwana Naftaly nyuma karibu na mlango, Ngigi amesimama nje na shati jipya akisubiri zamu yake. Pipa lilikuwa limeshachanganywa. Harufu ilijaa chumba chote.

Wadudu wakapita. Watoto wakapiga kelele. Kisha akatokea yule mkulima wa Ulaya, na badala ya picha kurukia kwa Gachanja, mkulima akavaa glavu.

Bwana Balwant hakupunguza sauti ya Mzungu. Aliiacha isikike chini ya yangu, ili wanaojua Kiingereza wasikie kwamba siongezi. Nikasema sentensi moja moja, polepole, kama ninavyosomesha darasa la kwanza. "Hii ni sumu. Inapita kwenye ngozi. Usiiguse. Usile kabla ya kuoga. Usimwage mtoni."

Kisha nikaona mwanga wa mlango ukifunguka na kufungika, na baada ya muda mfupi jenereta ikazimwa. Picha ikafa na samaki kwenye kitambaa. Maikrofoni ikafa.

"Kuna hitilafu ya mitambo!" Bwana Naftaly akaita kutoka nje. "Tokeni, tutaendelea kesho!"

Hakuna aliyetoka, kwa sababu ilikuwa giza na hawakuona pa kukanyaga. Nikaendelea kwa mdomo mtupu. Niliwaambia kilichokatwa na kwa nini. Niliwaambia kuhusu Gachanja, mkono, mate, mboni za macho, hospitali. Mtu akavuta gunia moja dirishani, jua likaingia, likanipata usoni.

Mwanamke alisimama. Nilimkumbuka, yule wa mtoto mgongoni. Baadaye niliambiwa jina lake ni Chepkemboi.

"Wewe ndiye ulikuja wakati wa kupanda. Nimekujua kwa sauti. Siku ile ulisema haidhuru mtu. Leo unasema ni sumu. Tushike gani?"

"Shikeni ya leo."

"Kwa nini nikuamini leo?"

"Kwa sababu siku ile nililipwa, na leo nitafukuzwa." Haikutosha. Niliona haikutosha. "Mama, siku ile niliambiwa niseme nikasema bila kuuliza. Baadaye niliuliza, nikajibiwa, nikajua, na nikaendelea kusema. Molo nilisema nikijua. Hiyo ndiyo kweli yangu, na ni mbaya."

Alimzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. Mtoto alikuwa akinyonya ncha ya leso yake. "Ulisema ukifua imetoka," akasema taratibu. "Mimi nafua nguo za kunyunyizia na nepi za huyu. Karai moja."

Nilimwomba ampeleke mtoto kwa daktari, na Bwana Balwant akasema gari lipo, na Chepkemboi akaketi akafunika uso.

Ndipo Ngigi akaingia. Alikuwa amesikia yote dirishani. Bwana Naftaly alimfuata, akimwambia kwa sauti ya chini, "Weka mkono, wewe, waonyeshe, huyu msichana ni mwongo." Ngigi alikwenda hadi kwenye pipa. Mkono wa shati ulikuwa umekunjwa tayari.

"Bwana meneja," Ngigi akasema, "anza wewe."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Naftaly. Alicheka kidogo. Akaangalia mikono yake. Kisha akasema hakuja amevaa nguo za kazi.

Chifu alisimama, akavaa kofia, akaagiza pipa lizibwe na lisiguswe.

Nje Ngigi alinisimamisha. Nilidhani atashukuru. "Umeninyima kazi, madam," akasema. "Nyumbani kuna mtoto wa wiki tatu." Akashuka na njia bila kuaga.

Ijumaa, 6 Julai

Nimefukuzwa. Bwana Balwant pia.

Jumatano, 18 Julai

Mtoto wa Chepkemboi amepimwa. Daktari anasema anyonye, azidi kuangaliwa. Kuresoi wamerudisha makopo. Molo hawajarudisha, wanasema yule mtu alilewa. Nimesikia Landrova imeonekana Elburgon na msichana mpya mwenye maikrofoni.

Jumamosi, 4 Agosti

Nilikwenda Bahati kumwona Gachanja, tangu atoke hospitali sijathubutu. Anatembea kwa fimbo hadi kwenye ua, anarudi. Mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Wawira alikuwa akichimba viazi peke yake. Hakunikaribisha chai. "Sauti yako nilikuwa naisikia hadi hapa nyumbani," akaniambia, "upepo ukitoka upande wa ghala." Nikachukua jembe la pili nikachimba mistari minne kando yake. Hakunizuia.

Jumamosi, 11 Agosti

Wawira amenitumia mtu asubuhi: njoo haraka, Naftaly yuko hapa na barua.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, viatu vyake vimepakwa rangi vizuri, karatasi juu ya goti na kisanduku cha wino cha kuwekea kidole gumba. Gachanja alikuwa mbele yake juani, amefungwa blanketi.

"Ni barua ya kumsaidia tu," Bwana Naftaly alisema aliponiona. "Kampuni ina huruma. Hakuna haja ya kusoma yote."

"Ataisoma Wariara," Wawira akasema.

Ilikuwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Nikaisoma yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, bila kulainisha. Ilisema kwamba Kampuni, kwa hisani yake, itamsaidia Bwana Gachanja mara moja tu. Ilisema kwamba Bwana Gachanja anakiri ugonjwa wake umetokana na ulevi wa muda mrefu. Ilisema kwamba alionywa avae glavu na akakataa kwa hiari yake. Ilisema kwamba yeye, mkewe na watoto wake hawatadai wala kuzungumza juu ya jambo hili mahali popote.

Nilipomaliza, kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Rudia ya glavu," Gachanja akasema.

Nikarudia. Alicheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha kwenye filamu, ila hakikufika mbali, kilikata pumzi.

"Bwana Gachanja," meneja akasema, akifungua kisanduku cha wino na kusogeza kigoda, "wewe una watoto. Hawa watu watakupa nini? Hebu lete huo mkono, nikusaidie."

Akaunyoosha wake, akaushika ule wa Gachanja uliolala pajani. Nilimtazama Wawira. Alikuwa ameshika jembe na hakusogea. Alimwacha mumewe aamue.

Gachanja alifunga ngumi. Ilichukua muda. Kidole kimoja kilifuata kingine, kikitetemeka, na kile gumba kikaingia ndani mwisho, kikafunikwa. Jasho lilimtoka usoni. Bwana Naftaly alijaribu kukifungua, polepole mwanzo, kisha kwa nguvu, akaona sote tunamtazama, akaacha.

"Huu mkono ulikufanyia kazi yote uliyotaka," Gachanja akamwambia. "Hii hautafanya."

Meneja alifunga kisanduku chake. Alipofika kwenye lango Wawira alikuwa ameshaingia jikoni, na nikasikia akiniita kutoka ndani, aniulize kama chai yangu natia sukari.